Paka Aliyekojoa Sukari

Magoti yangu yaliikataa kazi kabla yangu. Mwaka huu niliinama kuchota maji kwenye birika la uwani nikashindwa kuinuka mpaka nikashikwa mkono, na hapo nikajua siku zangu za kufagia na kusugua vyombo vya watu zimekwisha. Mariamu na Kadzo ndio walioshika nafasi yangu katika nyumba ya Bwana Premji, hapa Malindi. Kila wakipata upenyo huja kwangu kuuliza: hili tulifanyeje, lile alikufunza nani, na eti ni kweli uliwahi kumuuguza paka mwenye ugonjwa wa sukari? Nimechoka kusimulia vipande vipande. Naandika yote mahali pamoja, kwa herufi nilizofunzwa chuo cha Kurani nikiwa mdogo, nao watatafuta wa kuwasomea. Mambo ya ujira sitayataja. Aliyefanya kazi ile anayajua, na asiyeifanya hataamini.

Nilipoingia nyumba ile mara ya kwanza nilikuwa mke kijana, sijazoea hata kufagia ua wa mama mkwe wangu. Aliyenipokea ni Bi Zafarani. Hapo zamani alikuwa mtumwa wa Mwarabu mmoja wa Mambrui, na alipenda kusema kwamba siku alipopata uhuru wake jambo la kwanza alilolifanya ni kulala mpaka jua likampiga usoni. Baada ya hapo hakulala tena ovyo maisha yake yote. Alikuwa mfupi, mweusi wa kung'aa, na sauti yake ilitoka kifuani kama ya mwanamume.

"Siti," akaniambia, "nyumba hii ni ya Mabanyani. Jikoni kwao huingii. Si kwamba wanakudharau, ni dini yao. Mtungi wa maji yao ya kunywa hugusi. Na samaki wala nyama havivuki mlango huu, hata harufu yake. Ukila samaki kwako, kanawe kwa ndimu ndipo uje."

"Na yai?"

"Hata yai."

"Sasa wanakula nini?"

"Wanakula vizuri kuliko wewe. Shika ufagio."

Mafagio yalikuwa mawili. Wa chelewa za makuti ulikuwa wa uwani, na wa ukindu ulikuwa wa ghalani, kwa sababu chelewa hurusha ufuta na kuupeleka kila upenyo. Vyombo vya shaba alinifunza kuvisugua kwa jivu na ukwaju, nisiache mpaka nione meno yangu ndani yake. Kwa muda mrefu nilikuwa nikicheka peke yangu uwani kama mwehu, natafuta meno. Lakini mpaka leo sijaona njia bora kuliko hiyo. Mariamu, wewe unayetumia mchanga, vyombo vile unavikwaruza. Nimeviona.

Bwana Premji alinunua mahindi, mtama na ufuta kwa Wagiriama waliokuja kutoka bara, akavitia ghalani mpaka vipate meli. Palipo na nafaka pana panya, na palipo na panya lazima pawe na paka. Kuwalisha paka wa ghala ikawa kazi yangu. "Usiwashibishe na usiwanyime," Bi Zafarani aliniusia. "Paka aliyeshiba humtazama panya kama jirani." Niliwajua wote kwa sura na kwa tabia. Kama ipo elimu niliyoipata nyumba ile bila ya kufunzwa na mtu, ni ya kumtazama paka na kumjua leo yukoje kabla hajalia.

Ila alikuwapo mmoja asiyekuwa wa ghala. Jina lake Moti, maana yake lulu kwa lugha yao, na hakika alikuwa mweupe, isipokuwa madoa ya rangi ya manjano mgongoni kana kwamba mtu kamfutia mikono yenye bizari. Huyu alikuwa wa Bibi Jamna, mama yake Bwana Premji.

Bibi Jamna alikuwa mjane. Alivaa nguo nyeupe siku zote, na nje ya nyumba alikuwa hatoki isipokuwa kwenda kusali. Aliletwa Malindi bado msichana kuja kuolewa, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa cha hapa hapa. Moti aliokotwa ghalani na binti yake, Kamla, angali kitoto cha paka hajafumbua macho, akamkuza kwa kitambaa kilichochovywa maziwa. Kisha Kamla akaolewa Unguja, akaondoka na masanduku yake, na paka akabaki. Tangu siku ile Bibi Jamna alimlisha Moti kwa mkono wake. Asubuhi wali kwa maziwa na samli. Mchana mkate wa ngano uliolowekwa. Jioni vitamutamu: jalebi, na zaidi penda, zile za maziwa na sukari zinazoyeyuka mdomoni. Moti alinenepa akawa na shingo kama mto. Panya mmoja alipita mbele yake mchana kweupe na Moti akafumba macho kwa adabu.

Miaka ikapita namna hiyo. Bi Zafarani alizeeka akaacha kazi, lakini aliendelea kuja kuketi uwani na kunikosoa. Mimi nikawa ndiye mkubwa wa ua.

Ikaja kaskazi moja ya joto kali. Niliona kwanza kwamba bakuli la maji la Moti halikai na maji. Nalijaza, nikigeuka ni tupu. Kisha nikamkuta akinywa kwenye beseni la kufulia, maji ya sabuni. Akila, analia anataka tena, na huku mwili unakwisha. Ile shingo ikapungua, mifupa ya mgongo ikaanza kuhesabika chini ya manyoya, na manyoya yenyewe yakawa makavu kama nyuzi za kumbi la nazi. Kisha miguu ya nyuma ikalegea. Paka hutembea kwa vidole, mtu yeyote anajua. Moti akawa anatembea kwa visigino, nyayo zimelala chini kama za sungura, na pale alipokuwa akiruka kwenda dirishani sasa anasimama anatazama juu.

"Ni uzee," alisema Bwana Premji.

"Hana umri huo," nilisema.

Siku moja nilikuwa nafagia pembe ya ua alipozoea kukojoa, nikaona mstari wa sisimizi. Walitoka ukutani, wakavuka mchanga, wakalizunguka lile doa bichi la mkojo kama watu wanaozunguka sinia la pilau. Nikafagia. Wakarudi. Siku ya pili vile vile. Bi Zafarani alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha kamba, nikamwita akaja na mkongojo wake. Aliinama akawatazama.

"Bwana wangu wa Mambrui," alisema, "alikuwa hivi. Anakunywa maji kama ng'ombe, anakonda, na chooni kwake sisimizi hawaishi. Tulikuwa tukiosha sisi. Ni mkojo wa sukari, mwanangu."

"Akapona?"

"Alikuwa anapenda halua," alijibu, akarudi kwenye kiti chake.

Wakati ule alikuwapo tabibu mmoja wa Kihindi aliyekuwa akija kwa meli kutoka Mombasa mara mojamoja, na alifikia kwa Bwana Premji. Bibi Jamna akamweleza aliyosema Bi Zafarani, akamwomba amtazame paka. Nilitegemea atacheka. Hakucheka. Alipiga magoti kwenye mchanga na kanzu yake safi, akawatazama sisimizi, akanusa pumzi ya Moti, akaibonyeza ile miguu ya nyuma taratibu.

"Huyu mtumishi wako wa zamani kasema kweli," alimwambia. "Vitabu vyetu vinaujua ugonjwa huu, vinauita mkojo wa asali. Mwanadamu akiwa nao namkataza wali, sukari na uvivu. Wengine hupata nafuu, wengine sivyo. Paka sijamtibu maishani mwangu. Lakini nijuavyo mimi, paka wa mwituni hapiki wali."

"Basi ale nini?" aliuliza Bibi Jamna.

Tabibu aliinuka akajifuta magoti. Yeye pia alikuwa mtu wa dini yao, na neno lile hakutaka kulitamka ndani ya nyumba. Bwana Premji akaangalia ukuta. Nikaona hapana budi niseme mimi.

"Samaki, Bibi. Samaki mtupu."

Bibi Jamna alinitazama kana kwamba nimetukana. Akamchukua paka wake, akaingia ndani.

Siku zilizofuata zilikuwa nzito. Moti alizidi kudhoofika. Bwana Premji si mtu mbaya, lakini ni mtu wa biashara, na alinivuta kando akaniambia nimtafute mkulima mmoja anayerudi bara amchukue paka, mama yake aambiwe ametoroka. "Asimwone akifa," alisema. Nilimjibu kwamba paka asiyeweza kuruka dirisha hawezi kutoroka, na mama yake analijua hilo. Akarudi ghalani.

Ndipo Bibi Jamna mwenyewe akaniita. Alikuwa ameketi sakafuni, Moti mapajani.

"Siti, tangu nizaliwe sijala kiumbe chenye uhai. Mama yangu hakula, na mama yake hakula. Sasa samaki auawe ili paka wangu aishi? Unaona uzito wake?"

"Nauona, Bibi."

"Sema basi."

"Bibi, paka wa ghalani wanakula panya kila siku, na mahindi yanayookoka ndiyo yanayolisha nyumba hii. Mungu kamuumba paka hivyo. Hakumuuliza yeye, wala hakutuuliza sisi."

Alimpapasa Moti kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Ndani ya nyumba hii samaki haingii. Hilo siwezi. Mchukue wewe. Mpeleke kwako. Huko ni kwako, na sheria ni zako."

"Nimchukue mpaka lini?"

"Mpaka apone. Au mpaka asipone."

Alimtia katika kikapu cha ukindu, akamfunika kwa kipande cha nguo yake nyeupe, akaondoka upesi ili nisione uso wake. Nilibeba kile kikapu kupitia madukani, na kila niliyekutana naye aliniuliza nimenunua nini.

Mume wangu, Athmani, alikuwa mchoma chokaa. Alisafiri mara kwa mara kwenda Takaungu na Kilifi kwenye matanuri, na akirudi huwa mweupe kichwa mpaka miguu. Jioni ile alirudi akakuta paka juu ya mkeka wake na samaki changu sufuriani.

"Changu wa nani?"

"Wa paka."

"Na sisi?"

"Mchicha."

Alivua kofia akaikung'uta. "Alhamdulillahi," alisema. "Nimeishi nimeona."

Lakini Moti hakula. Hili ndilo sikulitazamia. Tangu kuzaliwa hakuonja samaki, na hakujua kwamba ni chakula. Nilimchemshia changu bila chumvi, bila nazi, bila pilipili, nikatoa miiba yote, nikamwekea. Akanigeuzia mgongo. Nikajaribu tasi, nikajaribu dagaa wabichi, nikajaribu supu peke yake. Anatazama ukuta. Athmani alisema huyu amekuwa Banyani kweli kweli. Mimi sikucheka. Mgonjwa wa namna hii akikaa bila kula hudhoofika upesi, na pumzi yake ilianza kunuka kama embe lililochacha. Nilikuwa nikimkalia ubavuni na kumgusa mbavu kuona kama bado zinapanda na kushuka, huku nikiwaza nitamwambia nini yule mama.

Asubuhi moja niliketi uwani kumpasua tasi kwa ajili yetu wenyewe, nimekata tamaa. Nikasikia kitu kinajiburuta. Moti alikuwa ametoka ndani, anakuja kwa visigino vyake, kichwa kimelala upande. Alifika, akanusa kisu. Akanusa kidole changu chenye damu. Kisha akachukua ini la yule samaki kwenye kiganja changu, taratibu sana, kama mgeni anayeogopa kuonekana mroho. Akatafuna. Akatazama mkono mtupu, akalia.

Nilimpa samaki wetu wote. Athmani alikula mchicha tena.

Tangu siku ile alipenda samaki mbichi aliyekatwa mbele yake kuliko wa kupikwa, ingawa baadaye akazoea wote. Namna nilivyomtunza ni hivi, na ninyi mnaouliza sikilizeni. Nilimpa kidogo kidogo, asubuhi, mchana na jioni, wala si bakuli moja kubwa. Wali hapana, mkate hapana, muhogo hapana, maziwa hapana. Maji sikumnyima hata mara moja, kwa sababu wapo watakaokwambia mnyime maji ili asikojoe, na hao ni kuwasikiliza na kuwaaga. Miguu yake ya nyuma niliisugua kwa mafuta ya ufuta yaliyopashwa moto, kisha namzoeza ngazi za mlango, apande moja, apumzike, apande nyingine. Sijui kama mafuta yalimsaidia yeye au mimi.

Na nilimwekea sinia kuukuu la bati lenye mchanga mweupe wa pwani akojolee humo. Kila asubuhi nalitoa uwani naliweka karibu na kichuguu cha sisimizi, nangoja. Wakija, sukari ipo. Wakipita kando, imepungua. Siku za kwanza walikuja kama harusini. Baadaye wakaja wachache. Ikafika asubuhi sisimizi mmoja alipanda ukingo wa sinia, akazunguka, akashuka akaenda zake. Nilimwita Athmani aje aone. Alitazama lile sinia, akanitazama mimi, akasema, "Mke wangu, usiseme haya mbele za watu."

Na Bibi Jamna? Alhamisi ya kwanza alasiri, nilisikia mtaa wetu wa Shela umenyamaza ghafla. Nikachungulia. Alikuwa anakuja kwa miguu, mwavuli mkononi, nguo nyeupe imemfunika mpaka machoni, na nyuma yake wanawake wamejaa milangoni. Alikuwa hajapata kufika upande ule wa mji tangu aletwe Malindi. Alisimama mlangoni pangu asijue aingie kwa mguu upi.

"Karibu, Bibi," nilisema. "Ndani kumefagiliwa."

Aliketi ukumbini juu ya mkeka mpya. Alikuwa na kikombe chake cha shaba na maji yake mwenyewe, nami sikumuudhi kwa kumpa yangu. Moti alimsikia sauti akaja. Walikaa pamoja mpaka alasiri ikaisha. Tangu hapo akawa anakuja kila Alhamisi. Pesa ya samaki hakuweza kunipa, maana ingekuwa sawa na kumnunua samaki, lakini kila wiki uliletwa kwangu mchele mwingi kuliko kawaida na wala hakuna aliyeuliza wa nini.

Basi mambo yakawa yanakwenda vizuri, kisha yakaharibika. Moti alirudi kunywa maji kwa pupa. Sisimizi wakarudi. Nilimshuku Athmani kwamba anampa tonge la wali chini kwa chini. Akaapa kwa Mungu. Nikamshuku jirani yangu wa kushoto, ambaye watoto wake hutupa makombo popote. Nikalinda mlango. Hali haikubadilika, ila niligundua kwamba ubaya unakuja Ijumaa, na ikifika Jumatano huwa umepoa. Nikaukunja mkeka wa ukumbini nikaukung'uta, na mahali Bibi Jamna anapoketi palianguka punje nyeupe. Nikaionja. Ilikuwa penda.

Katika kazi zangu zote sijapata jambo zito kama lile. Ni mkubwa wangu, ni mzee, na nyumba yangu inakula kwa mkono wake. Akikasirika narudi kutafuta kazi mlango kwa mlango. Nilikwenda kumuuliza Bi Zafarani, naye wakati huo hakuwa akiinuka tena kitandani.

"Ukinyamaza paka atakufa," alisema, "na yeye atajua ulinyamaza. Ukisema atakasirika. Hasira ina mwisho."

Alhamisi ilipofika nilimpokea kama kawaida, nikaketi mbele yake.

"Bibi, nina neno, na linanilemea mdomoni. Sisimizi wamerudi."

Mkono wake ukaenda penye pindo la nguo yake, ukashika kitu, ukatulia hapo.

"Kipande kidogo tu," alisema. "Ananiangalia, Siti. Alikuwa akila mkononi mwangu kila jioni. Nitakuja mikono mitupu kama mtu wa kupita?"

"Kipande kidogo ndicho kinachomrudisha nyuma, Bibi."

"Kwa hiyo unasema mimi ndiye ninayemuua."

"Nasema penda inamuua. Wewe unampenda. Kwa Kiswahili maneno haya yanafanana, lakini tumboni mwake hayafanani."

Aliinuka. Alichukua mwavuli wake akatoka bila kuniaga. Nilibaki nimeketi pale, Moti ananitazama, na nikajua nimekula mkate wangu wa mwisho katika nyumba ile.

Nilikwenda kazini kesho yake kama mtu anayekwenda mahakamani. Wiki nzima Bibi hakuniita. Alhamisi nikatandika mkeka hata hivyo, na alasiri ikafika, na mtaa ukanyamaza. Akaingia. Akaketi, akafungua viganja vyake vyote viwili akanionyesha. Havikuwa na kitu. Vilizoea kutoa, na sasa havikujua vifanye nini.

Nikaingia ndani nikaleta chanuo langu la mti. "Mchane, Bibi. Manyoya yake yanaanza kurudi, lakini yana mafundo."

Alimchana tangu alasiri mpaka jua likainama. Moti alilala chali akaanza kukoroma, tumbo juu, kitu ambacho sijakiona kwa paka mwingine. Yale manyoya yaliyotoka yalimjaza Bibi kiganja. Akacheka. Nilikuwa nimefanya kazi kwake miaka mingi, na sikupata kusikia kicheko chake.

Moti alipona, au tuseme alifika pale ambapo tabibu, alipopita tena, alitikisa kichwa akasema hana la kuongeza. Visigino viliinuka, akarudi kutembea kwa vidole. Siku aliporuka kutoka ngazi ya mlango hadi juu ya ukuta wa ua, Athmani alishangilia kuliko mimi. Bwana Premji akataka arudishwe. Mama yake ndiye aliyekataa. "Akirudi nitampa penda," alisema. "Najijua." Kwa hiyo akabaki kwangu, na Bibi akabaki na Alhamisi zake.

Masika yaliyofuata nilishikwa na homa kali. Athmani alikuwa Takaungu. Asubuhi nilijikokota nikamchemsha samaki wa Moti, kisha nikaanguka kitandani, nisiweze hata kumtilia sahani. Ilikuwa Alhamisi. Bibi Jamna akaingia, akanikuta natetemeka, na Moti anazunguka sufuria analia. Akanifunika. Akanipa maji katika kikombe chake cha shaba, kikombe ambacho hakuna mdomo wa mtu wa nje uliowahi kukigusa.

"Ita jirani, Bibi," nilimwambia. "Amlishe paka."

Akatoka mlangoni akaita. Mtaa mzima ulikuwa umekwenda mazikoni. Akarudi. Akasimama mbele ya lile sufuria kwa muda, nami kutoka kitandani namwona mgongo tu.

"Siti, ana miiba?"

"Ana miiba, Bibi. Usijisumbue. Athmani atarudi."

"Atarudi lini?"

"Sijui, Bibi."

Alijifunga upindo wa nguo puani. Akaketi sakafuni. Akamtoa yule samaki kwa vidole vyake, akaanza kumchambua, mwiba mmoja mmoja, anauweka kando, macho yake yametulia kama mtu anayechagua mchele. Hakuna mwanamke wa ukoo wake aliyewahi kufanya vile. Alipomaliza akasukuma sahani kwa Moti, akamtazama akila mpaka mwisho. Kisha akanawa kwa jivu, akanawa kwa ndimu, akanawa tena.

"Nitaoga nikifika nyumbani," alisema. "Mungu naye ana macho. Ameona paka alikuwa na njaa."

Akaketi kando yangu mpaka homa ikaanza kunitoka kwa jasho.

Moti aliishi miaka mingi baada ya hapo. Wakati wa vita vya Wajerumani, mchele ulipoadimika, yeye peke yake ndiye ambaye hakuona tofauti. Watu wa mtaa wakaanza kuniletea paka wao, wengine wagonjwa, wengine wavivu tu, na nilijifunza kutofautisha. Si wote waliopona. Bi Zafarani alikufa usingizini asubuhi, jua limekwisha kupanda, na mimi niliyemjua sikuona pa kulia sana. Moti alikufa kwa uzee, amelala juani kwenye ukuta wa ua, miguu yake minne imenyooka sawasawa. Tulimzika mimi na Athmani chini ya mkomamanga wangu, na Bwana Premji akapelekewa habari ampe mama yake.

Ilikuwa Jumanne. Alhamisi sikutandika mkeka. Nilikuwa ndani nakunja nguo niliposikia mtaa umenyamaza. Nikatoka mbio, nikamkuta mlangoni, mwavuli mkononi, amezeeka, anapumua kwa shida kwa ajili ya kutembea.

"Bibi," nilimwambia, "hawakukupa habari? Moti hayupo tena."

"Walinipa," alisema, akanisukuma taratibu kwa ncha ya mwavuli nimpishe apite. "Kwani wewe ulidhani miaka yote hii nakuja kwa paka tu?"